Mama mkwe anamfunga mtoto kama mzigo, usiku analowa jasho. Nifanyeje?

SWALI

Shangazi shikamoo. Naomba unisaidie maana usiku silali na mchana silali. Nina mtoto mmoja, wa kike, leo ana wiki 3 na siku 2, nilijifungua kawaida, alizaliwa na kilo 3.1 na ananyonya vizuri namshukuru Mungu. Tunakaa Mbagala, chumba na sebule, nyumba ya bati haina dari, na joto la Dar mwezi huu wa pili wewe mwenyewe unalijua.

Mama mkwe alikuja toka Makete kunilea uzazi. Sitaki nimseme vibaya, ananikanda, ananipikia uji, usiku mtoto akilia anaamka kabla yangu. Shida ni namna anavyomlaza mtoto. Anamvalisha sweta alilolifuma mwenyewe, soksi, kofia, anamfunga kwenye bebishoo, juu anaongeza khanga, afu anainyoosha ile miguu kwa mkono mpaka inakaa pamoja wima kabisa, anazungushia kitambaa na kukaza fundo. Anasema bila hivyo atakuwa na matege. Madirisha yote yamefungwa, feni hataki hata kuiona, eti nimonia. Akimaliza anamlaza kifudifudi, anasema akilala chali atapaliwa na maziwa na kichwa kitakuwa bapa.

Juzi usiku kama saa 8 nikaamka, nikamgusa nikakuta nywele zimelowa chapa, uso mwekundu, anahema harakaharaka, nikamfungua fasta mwili wote wa moto, shingoni vipele. Baada ya muda akapoa akanyonya akalala. Tangu siku hiyo nikiona mama kasinzia nalegeza kimyakimya, jana akanikamata, akanuna mpaka jioni, mume wangu nae ananiambia mama kalea watoto 7 wewe una wiki 3.

Jirani yangu nae anasema nisimfunge kabisa mtoto ni ushamba. Nikijaribu kumuacha wazi anashtukashtuka mikono inaruka juu anaamka analia, mama mkwe anasema ona, hiyo ni dalili ya degedege. Sasa shangazi, kumfunga ni vizuri au vibaya? Na kama ni vizuri nimfunge vipi na mpaka lini? Tunalala kitanda kimoja mimi, mtoto na mama mkwe, baba yake analala sebuleni. Asubuhi wakati wa kunikanda mama anaingiza jiko la mkaa chumbani.

Ni mimi mzazi wa kwanza, Mbagala.

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile saa 8 usiku ndo imenishika, kwa hiyo naanza na hapo kabla ya mengine yote.

Ulichokiona ni mtoto aliyezidiwa na joto, na ulifanya sawa kabisa kumfungua. Mtoto mchanga hana uwezo wa kujipooza kama wewe, hawezi kutupa shuka pembeni wala kugeuka atafute upepo, akifungwa amefungwa. Na kuchemka usingizini ni moja ya mambo yanayohusishwa na vile vifo ambavyo mtoto mzima kabisa analazwa usiku na asubuhi hakuamka. Sikutishi, ila ntakuwa nakudanganya nikisema lile lilikuwa jambo dogo. Leo usiku huyo mtoto asilale tena na sweta, kofia, bebishoo na khanga kwa pamoja. Na asilale kifudifudi. Haya mawili usingoje kikao cha familia, yafanye leo, mengine tutayamaliza taratibu kwa maneno mazuri.

Kujua kama ana joto usiguse mikono wala miguu, ya mtoto mchanga mara nyingi huwa ya baridi tu na ndo inayowadanganya mabibi wakaongeza nguo. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo au kifuani chini ya nguo. Pakiwa na vuguvugu kavu yuko sawa. Pakiwa na unyevu au pa moto, punguza. Na sikiliza hili vizuri, ukimfungua akabaki wa moto, au kipimajoto cha kwapani kinasoma 37.5 na kuendelea, au amekataa ziwa, au anahema mara 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au amelegea, hapo hamna cha kusubiri asubuhi wala kumfunga ili atoe jasho la homa, mnabeba mtoto mnaenda hospitali usiku huohuo. Homa kwa mtoto wa wiki 3 haiuguzwi nyumbani.

Sasa nije kwenye swali lako, kumfunga ni vizuri au vibaya. Jirani yako amekosea kuita ushamba. Kumviringisha mtoto kunasaidia kweli. Kule kushtuka mikono ikaruka juu, vidole vikatawanyika afu mikono ikarudi kifuani kama anakumbatia kitu, watoto wachanga wote wazima wanafanya hivyo, na sisi wakunga mtoto akizaliwa huwa tunakutafuta kabisa, asiposhtuka ndo tunaingiwa na wasiwasi. Inaondoka yenyewe akifika kama miezi 4 hadi 6. Sio degedege. Mwambie mama ajaribu hivi: akishtuka, mshike mkono taratibu, ukitulia ni kushtuka tu. Degedege haishikiki, mkono unaendelea kuruka hata ukiushika, au macho yanakwenda upande, au midomo inachezacheza na mtoto hayupo na wewe. Hiyo ni hospitali mara moja. Ila kushtuka kwa kawaida, ukimzuia mikono kidogo kwa nguo nyepesi analala bila kujiamsha, na mama mkwe wako katika hilo hajakosea, ana haki yake tumpe.

Alipokosea ni kwenye miguu.

Nyonga ya mtoto mchanga bado ni gegedu laini. Kichwa cha mfupa wa paja kinakaa kwenye kikombe chake, na kikombe chenyewe bado hakijawa na kina cha kutosha, kinajengeka vizuri pale magoti yanapokunjwa na kufunguka nje kama miguu ya chura, vile vile alivyokaa tumboni. Ukiivuta ikanyooka ukaibana pamoja, kichwa kinasukumwa kuelekea nje ya kikombe. Siku moja haileti shida, ila usiku na mchana kwa wiki na miezi nyonga inaweza kulegea hata ikateguka, na hailii wala haivimbi, mnakuja kugundua mtoto anaanza kutembea anachechemea. Na watoto wa kike, na wa uzazi wa kwanza, na waliotanguliza makalio tumboni, ndo wako kwenye hatari zaidi. Binti yako ana mawili kati ya hayo matatu, ndo maana nakaza sauti.

Japani walilipitia hili. Wajapani walikuwa na desturi ya kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooka, na nyonga zilizoteguka zilikuwa nyingi, asilimia 1 mpaka 3 na ushee ya watoto. Mwaka 1975 wakaanza kampeni nchi nzima kuwaambia mama na bibi wasiinyooshe miguu ya mtoto, na ile hesabu ikashuka mpaka chini ya asilimia 0.2. Hawakutumia dawa wala mashine, waliacha tu kuibana miguu.

Na hapa ndo pa kuzungumza na mama mkwe, maana jibu analo yeye mwenyewe mgongoni. Mbeleko! Mtoto akiwa mgongoni miguu inakaaje? Imefunguka, imekumbatia kiuno cha mama, magoti yamekunjwa. Hiyo ndo nyonga inavyotaka. Kule Malawi hospitali moja ya mifupa ya watoto mjini Blantyre ilipitia rekodi zake za miaka 10, watoto zaidi ya 40,000, hawakukuta hata mtoto mchanga mmoja aliyepasuliwa kwa ajili ya nyonga ya kuzaliwa nayo, na madaktari wakaona kubeba mgongoni huenda ndo sababu kubwa. Wale watoto 7 wa mama mkwe wako walibebwa kwa mbeleko mpaka shambani, kama usiku walifungwa miguu, mchana mgongo wa mama ulikuwa unairudisha. Huyu wa kwako mgongoni bado, shingo haijakaza, kwa hiyo akifungwa miguu usiku na mchana analala hivyohivyo hana pa kuipumzishia.

Kuhusu matege, mtoto yeyote anazaliwa na miguu yenye upinde maana alikuwa amejikunja tumboni miezi yote hiyo, na kwa wengi inanyooka yenyewe akikaribia miaka 2. Khanga hainyooshi mfupa. Matege yanayobaki au yanayozidi yana sababu nyingine kama upungufu wa vitamini D, na hayo yanataka daktari.

Haya, kifudifudi. Najua woga wa kupaliwa, mama wengi wa umri wangu tulifundishwa hivyo na wengine wetu tuliwafundisha wenzetu pia, na inaniuma kulisema hilo. Lakini angalia maumbile: mtoto akilala chali, njia ya hewa iko juu na njia ya chakula iko chini yake, maziwa yakirudi yanabaki chini, hayawezi kirahisi kupanda kwenda kwenye hewa. Akilala kifudifudi ndo yanageuka, njia ya hewa inakuwa chini ya ile ya chakula. Uingereza walipoanza kuwaambia wazazi walaze watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Na kwa mtoto aliyeviringishwa kifudifudi ni hatari zaidi maana mikono imefungwa, hawezi hata kujisukuma akatoa pua kwenye godoro. Mwaka 2016 watafiti waliunganisha tafiti 4, za Uingereza, Tasmania kule Australia na Chicago, wakakuta waliofungwa wakalazwa kifudifudi ndo walikuwa kwenye hatari kubwa kuliko wote, wa ubavu wakafuata. Kwa hiyo chali, usiku na mchana, kila anapolala. Kichwa bapa dawa yake ni mchana akiwa macho na wewe ukimwangalia, mlaze kifudifudi kifuani kwako au kwenye mkeka dakika 2 au 3, mara kadhaa kwa siku, na usiku geuza upande anaotazama.

Sasa nikuonyeshe kumfunga. Chukua khanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, mpya ina wanga ni ngumu na haipitishi hewa vizuri. Nzima ni kubwa mno kwa kichanga, itakuzidi uanze kuizungusha mara tatu na hapo joto limerudi, kwa hiyo ikate iwe mraba wa kama mita 1 kwa mita 1, pinda kingo. Itandike kitandani kona ikiangalia juu, kona ya juu ikunje chini kama shubiri moja. Mlaze mtoto chali, mabega yake yalingane na lile kunjo, shingo na kichwa vibaki nje kabisa. Ndani awe na nepi na kishati chepesi tu, na usiku wa joto kama wa kwenu nepi peke yake inatosha. Mkono mmoja ukunje kidogo uende kifuani, usiunyooshe kwa nguvu, vuta upande wa khanga upite juu ya kifua uingie chini ya mgongo upande wa pili. Kona ya chini ilete juu ikiwa legelege, uache kama mfuko hivi, miguu ichezee humo. Mkono wa pili, upande wa mwisho, unazungusha unachomeka nyuma. Basi. Hamna fundo, hamna kitambaa cha kukaza, hamna pini.

Afu jaribu mambo mawili. Vidole viwili au vitatu vipite kati ya khanga na kifua chake bila kusukuma, ili avute pumzi. Na shika magoti yake kwa nje uyasukume taratibu, lazima yapande na yafunguke, yakigoma fungua uanze upya. Kwa mikono iwe imekaa vizuri isichomoke, maana khanga ikilegea juu inapanda inamfunika pua. Kama ni mtoto anayependa kunyonya vidole, acha mkono mmoja nje, hamna kosa.

Akitaka kunyonya mfungue. Mtoto wa umri huu ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na ishara ya kwanza ya njaa ni kupeleka mkono mdomoni, ukimfunga siku nzima anakosa kukwambia, analala tu na njaa yake, mwishoni kilo haziongezeki. Kumfunga ni kwa ajili ya kulala, akiamka awe huru.

Kofia ndani ya nyumba ya bati Mbagala hapana. Mtoto anatoa joto jingi kwa kichwani, na kofia ikiteleza inamfunika uso. Kofia na nguo nzito zina wakati wake, siku zile za mwanzo baada ya kuzaliwa, au mtoto njiti, na huyo hata hivyo anapata joto bora kwa kangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, wala sio kwa kurundikiwa mablanketi. Feni washeni, isimpige usoni moja kwa moja, ielekezeni ukutani hewa izunguke, na dirisha liwe wazi ilimradi neti iko vizuri. Nimonia inaletwa na vimelea, hailetwi na feni.

Kitanda. Mtoto aliyefungwa asilale kitanda kimoja na watu wazima wawili, hili nakuomba. Mikono imefungwa hawezi kukusukuma ukimlalia, hawezi kutoa shuka lako likimfika usoni, na miili yenu miwili inamwongezea joto. Tafuteni kigodoro kidogo kilicho kigumu, kiwekwe juu ya mkeka pembeni ya kitanda chako, shuka moja limekazwa, hamna mto wala blanketi wala midoli, juu yake ile neti ya mwavuli inayokunjwa. Ukinyoosha mkono unamfikia. Mpaka mkipate hicho kigodoro, akilala kitandani nanyi asifungwe kabisa, ni afadhali ashtuke aamke.

Na lile jiko la mkaa, mwanangu, litoke leo. Makete mwezi wa sita asubuhi umande umeganda kwenye majani, namwelewa mama jiko ndani kwake ni uhai, ila mkaa unaowaka chumba kimefungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, familia nzima inasinzia haiamki, na kichanga anazidiwa mapema kuliko nyie. Maji yachemshwe nje, yaingie kwenye beseni, mkande humo ndani bila moto.

Mpaka lini? Mpaka dalili ya kwanza ya kutaka kugeuka. Wengine wanaanza wakifika miezi 2, wengine wa 3, siku ukimkuta amejitupa ubavu basi khanga imeisha hata kama ni saa 9 usiku na analia, asivuke nayo miezi 4. Akikaribia hapo, kabla hajaanza kugeuka, mwachie mkono mmoja nje siku kadhaa, afu wa pili, azoee.

Imebaki kuzungumza na mama. Usilegeze tena kimyakimya, ndo kilichomuudhi, sio khanga yenyewe, ni kufichwa. Mngoje akiwa ametulia, baada ya chakula, mume wako awepo, umwambie mama mimi nilishtuka sana ile usiku nikaogopa kumpoteza mtoto, naomba unisaidie nimfunge bila kuchemka. Afu mpe mtoto amfunge yeye, kwa khanga moja, wewe ukae pembeni, na ile ya kusukuma magoti aifanye yeye kwa mikono yake. Mikono iliyolea watoto 7 itaelewa magoti yakifunguka. Na mumeo mwambie hivi kutoka kwangu: mama yake alilea Makete, huyu mtoto yuko Mbagala, na baridi ya kule haikuja naye kwenye basi.

Wiki ya 6 mnaenda kliniki kwa chanjo, nendeni wote watatu na mama. Mwombe muuguzi aangalie nyonga, amfungue miguu yote miwili, na wewe tangu leo ukimbadilisha nepi tazama kama mikunjo ya mapaja inalingana, kama mguu mmoja unaonekana mfupi au unagoma kufunguka kama mwenzake. Ukiona hivyo usingoje wiki ya 6, nyonga ikijulikana mapema mara nyingi inatibika kwa mikanda tu bila kisu. Mama asikie hayo kwa muuguzi mwenyewe, aulize maswali yake yote.

Na lile sweta alilofuma lifue ulikunje vizuri ulitunze. Mwezi wa sita mkimpeleka mtoto Makete akasalimie ukoo, atakuwa na miezi kama 5, ameshaacha khanga, na asubuhi ya kule atalivaa.